Usikipanguse hicho kioo cha darubini!

Weka hicho kitambaa chini kwanza. Wewe ndugu yetu wa Likoni uliyeandika kwamba darubini yako yenye kioo cha kipenyo cha milimita 114 inaonyesha sayari ya Mshtarii (Jupita) kama doa la ukungu, ukamulika tochi ya simu ndani ya bomba ukaona kioo kimejaa vumbi, na sasa Jumamosi unataka kukifungua ukipanguse kwa dawa ya madirisha, kisha ununue lenzi ya Barlow, ile ya kuongeza ukuzaji, ya mara tatu, halafu utafute pahali penye giza: tafadhali usifanye. Nimesoma ujumbe wako tumbo likanikata, kwa sababu kioo changu cha kwanza kilikufa kwa njia hiyo hiyo, hatua kwa hatua.

Kioo cha darubini si kioo cha kabati. Kile cha kabati mpako wake unaong'aa uko nyuma, umekingwa na unene mzima wa kioo, ndiyo maana mama anaweza kukisugua kwa gazeti miaka na miaka kisichubuke. Cha darubini mpako uko mbele, wazi, unatazamana na hewa. Ni alumini iliyogeuzwa mvuke ndani ya chemba isiyo na hewa ikatua juu ya kioo, na unene wake ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Hapo ndipo unapotaka kupitisha kitambaa! Na vumbi letu la Mombasa unalijua: mna mchanga, mna masizi ya malori ya bandarini, mna chumvi inayoletwa na upepo wa bahari. Ukibonyeza kitambaa juu ya hayo unasaga mchanga kwenye alumini. Na dawa nyingi za madirisha zina amonia, ambayo alumini haipatani nayo hata kidogo.

Mimi darubini nilikuwa nikiiweka chumbani, kiyoyozi kinawaka mchana kutwa. Nikiitoa uani usiku, kioo kilichopoa kinakutana na unyevu wa huku kwetu, papo hapo kinatoka jasho na picha yote inafifia. Nikarudi kwa muuzaji kulalamika, duka la kamera na saa hapa mjini, jina silitaji. Hakuniuliza darubini inawekwa wapi. Hakuniuliza vioo viwili vya ndani vililinganishwa lini vikatazamana sawasawa. Alinyoosha mkono rafuni akatoa kichupa cha dawa na kitambaa cha miwani, akasema kioo kimechafuka, kipanguse vizuri kikauke, kisha ongeza hii Barlow utaona mashimo ya mwezi kana kwamba umesimama huko huko. Nikalipa vyote.

Nilipomaliza kupangusa nilikiinamisha kioo chini ya taa. Kulikuwa na mistari myembamba ya duara, inafuata vile mkono ulivyozunguka. Karibu na ukingo, pale nilipokazania doa moja lililokataa kutoka, mpako ulikuwa umeng'oka kabisa: nilikuwa naona mbao za meza kupitia kwenye kioo. Na Mshtarii? Ukungu ule ule. Tatizo halikuwa uchafu tangu mwanzo. Vioo vilikuwa vimekaa upande, na jasho lile lingekauka lenyewe kama ningesubiri.

Kioo kikifika hapo fundi wa miwani hakisaidii. Mpako wa zamani hutolewa kwa kemikali, kisha kioo kinapakwa upya ndani ya chemba ya utupu. Kwa darubini ya mtu anayeanza, ukijumlisha na gharama za kukipeleka na kukirudisha, afadhali ununue darubini nyingine. Nina hasira na yule muuzaji mpaka leo, na sioni haya kusema. Mtu asiyejua bidhaa yake aseme hajui. Alikuwa na sanduku mkononi lenye picha ya nebula, wingu la gesi la angani, ya rangi zote na maandishi makubwa ya "mara 675", akaniuzia dawa ya kuharibu kitu kile kile alichoniuzia mwanzo.

Sasa huo mtihani wako wa tochi. Ukimulika kioo chochote cha darubini kwa tochi gizani, hata kilichotoka kiwandani juzi, kitakutisha, kila chembe inang'aa. Haimaanishi kitu. Vumbi lililotulia juu ya kioo haliko kwenye fokasi, halichori chochote kwenye picha, linakula mwanga kidogo tu basi. Hicho kioo kidogo kilichoning'inia katikati ya bomba lako, kikiwa na kipenyo cha milimita 28 hivi, kinaziba karibu asilimia 6 ya mwanga kila usiku, na hujawahi kulalamika. Vumbi uliloliona halifiki hapo. Lakini mchubuko hutawanya mwanga kila mahali, na hauondoki.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitairudia mpaka uchoke: uso wa kioo hauguswi. Vumbi lipulize kwa kile kipulizio cha mpira cha kutolea kamasi mtoto, kipya, kikavu. Usipulize kwa mdomo, mate yatatua juu ya alumini. Basi.

Ukitaka picha iwe kali, linganisha vioo. Chukua kifuniko cha plastiki kinachoziba tundu la lenzi ya kuchungulia, kitoboe katikati kabisa kwa msumari mwembamba, kirudishe mahali pake, uchungulie mchana ukielekeza bomba kwenye ukuta mweupe. Utaona kioo kidogo, na ndani yake kioo kikuu. Zile skrubu tatu za kioo kidogo zizungushe polepole mpaka uone vishikizo vyote vitatu vya kioo kikuu kwa usawa. Bomba liwe limelala wakati huo, ili bisibisi ikikuponyoka isiangukie kioo kikuu. Kisha nenda nyuma ya bomba: kuna skrubu za kurekebisha na za kukaza, legeza za kukaza kwanza. Zungusha robo robo mpaka kile kivuli cheusi cha kioo kidogo kikae katikati.

Usiku hakikisha kwa nyota. Na hapa tena nina ugomvi na wale wa video za mtandaoni, kila mmoja anasema elekeza kwenye nyota ya Kaskazini kwa sababu haisogei. Sisi tuko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho, utaitafuta mpaka adhana ya alfajiri usiione. Chagua nyota angavu iliyo juu kabisa ya kichwa, weka lenzi ya milimita 10, vuruga fokasi kidogo. Nyota inafunguka kuwa duara zilizomo ndani ya duara, na tundu jeusi katikati. Tundu likiwa katikati, vioo vyako viko sawa. Likiwa limeegemea upande, gusa skrubu moja ya nyuma, irudishe nyota katikati ya uwanja wa lenzi, tazama tena. Nyota itakuwa inakimbia, ndani ya dakika mbili tatu imeshatoka, kwa hiyo tafuta mtu wa kuzungusha skrubu wewe ukiwa unachungulia. Mimi humtumia mpwa wangu, amekuwa hodari kunishinda.

Hiyo ndiyo kazi itakayobadilisha Mshtarii wako. Mikanda miwili ya mawingu itajitokeza, na zile nukta nne za miezi zitakuwa nukta kweli, si mikia. Nilipoiona mara ya kwanza kwenye darubini yangu ya pili nilimwita kila mtu nyumbani.

Na kiyoyozi, kizime. Darubini ikae chumba chenye joto sawa na la nje, bomba limefunikwa ncha zote mbili, na vile vijifuko vya silika vinavyokuja kwenye masanduku ya viatu uvitie ndani ya mfuko unaohifadhia. Itoe nje nusu saa kabla ya kutazama. Ukiona kioo kimetoka jasho, usikitie mkono, usikitie leso, kiache. Ukimaliza usiku wako, usifunike kikiwa na unyevu. Kiache kikauke kwanza, la sivyo umeifungia chumvi na maji pamoja na alumini.

Itafika siku, pengine baada ya miaka, kioo kitakuwa kichafu kweli, chumvi imekauka juu yake. Hapo kinaoshwa, hakipanguswi. Maji ya bomba yanatiririka juu yake kwanza ili mchanga uondoke wenyewe. Si maji ya kisima, visima vingi vya hapa kisiwani vina chumvi na utakuwa unakipaka kile unachokiondoa. Kisha beseni la maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, kilale humo. Pamba safi ya duka la dawa ivutwe juu yake kwa uzito wake yenyewe tu, kidole kisibonyeze, na kila ikivutwa mara moja tupa, chukua nyingine. Mwisho suuza kwa maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwenye vituo vya petroli kwa ajili ya betri. Soma kibandiko mara mbili, kwani asidi ya betri nayo huuzwa hapo hapo. Kisimamishe wima kikauke chenyewe. Lakini si Jumamosi hii, na si kwa sababu ya tochi!

Barlow usinunue. Hiyo "mara 675" wanaipata kwa kugawa urefu wa fokasi wa darubini, milimita 900, kwa lenzi ya milimita 4, wanapata 225, kisha wanazidisha kwa tatu. Kioo cha milimita 114 mwisho wake ni kama mara 228 usiku hewa ikiwa imetulia kabisa. Zaidi ya hapo unakuza ukungu tu. Anza na ile lenzi ndefu iliyokuja nayo, ya milimita 20 au 25. Ukiwa na pesa ya ziada, nunua lenzi nzuri ya milimita 10 aina ya Plössl, inakupa mara 90, na hutaigusa tena ile ya 4.

Toboa hicho kifuniko kesho, piga picha ya unachokiona kupitia tundu, iweke hapa kabla hujagusa skrubu yoyote. Nitakuambia ni ipi ya kuanza nayo.