Bomba gani lilete hewa ya nje mekoni?

SWALI: Nyumba yetu mpya iliyoko Limuru ina meko ya kuni sebuleni na madirisha ya aluminiamu yanayofunga kabisa. Kila tuwashapo feni ya kuvutia moshi jikoni, moshi wa meko hurudi ndani. Fundi ameshauri tupitishe bomba chini ya sakafu ili moto upate hewa ya nje. Je, bomba la plastiki la maji taka lililobaki litafaa?
– Msomaji, Limuru

JIBU: Ushauri wa fundi ni mzuri, lakini plastiki isitumike kabisa. Nyumba yenu haina nyufa wala matundu ya kupitisha hewa, kwa hiyo feni inapotoa hewa nje, nyingine huingia kupitia njia pekee iliyo wazi, yaani dohani, na kuusukuma moshi sebuleni. Bomba litasaidia, ila upepo ukivuma vibaya mkondo huweza kugeuka na kupeleka joto na hata cheche bombani, ambamo plastiki itayeyuka au kuwaka mahali msipopaona.

Mwambieni fundi bati atumie bomba gumu la mabati ya zinki, la mviringo, lenye kuta laini. Yale ya aluminiamu yanayokunjika huvutia kwa urahisi wa kuyapitisha, lakini mikunjo yake huizuia hewa na hutoboka upesi. Kwa meko ya wazi ningechagua kipenyo cha milimita 150 badala ya 100, kwa kuwa nafasi ya hewa huongezeka zaidi ya mara mbili. Kona ziwe chache, na bomba liinamie nje kidogo ili maji ya mvua yasiingie ndani.

Mdomo wa nje uwe chini kuliko meko, uwekewe wavu wa kuzuia panya, wala usianzie gereji, ambako kuna moshi wa gari na mvuke wa petroli. Upande wa mekoni wekeni kilango cha chuma, kifungwe makaa yakishazimika kabisa, si kabla.

Hata hivyo, feni yenye nguvu huweza kulishinda bomba hilo. Jikoni nako kunahitaji tundu lake la hewa, na hadi litakapotobolewa, fungueni dirisha la huko kila feni inapofanya kazi wakati moto unawaka. Naomba mlizingatie hili sana: gesi ya kaboni monoksaidi, sumu itokayo kwenye moto wa kuni, haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini.