Jibu: Deni la 85,000 na "korti ya runinga"

Umeuliza kama aliyekukopa 85,000 unaweza kumpeleka korti kama zile za runinga za Marekani. Zile ni usuluhishi. Pande zote hutia sahihi mkataba wa kukubali uamuzi, na kwa kawaida kipindi ndicho hulipa fidia, si mdaiwa. Ndiyo maana hakuna anayetoroka!

Nairobi, kesi yako ni ya Mahakama ya Madai Madogo, Milimani. Kikomo ni shilingi 1,000,000, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Si lazima uwe na wakili, na Kiswahili kinaruhusiwa. Mashamba, kashfa na mambo ya kazi haipokei.

Kwanza mwandikie barua ya madai, ukitaja kiasi na tarehe ya mwisho. Akikaa kimya, wasilisha dai mtandaoni kupitia mfumo wa Mahakama. Ambatisha taarifa ya M-Pesa na jumbe za WhatsApp, pamoja na cheti cha ushahidi wa kielektroniki, yaani maelezo yenye sahihi ya jinsi nakala hizo zilivyotolewa kwenye simu au kompyuta (kifungu cha 106B, Sheria ya Ushahidi). Pesa iliyotumwa peke yake haithibitishi mkopo. Atasema ilikuwa zawadi. Ujumbe wake wa "nitakulipa" ndio unaobeba kesi.

Wengi hukwama kwenye kumfikishia mdaiwa hati za kesi: bila kiapo cha aliyezipeleka kwamba amemfikishia, kesi haisongi. Akishapokea ana siku 14 za kujibu.

Ukishinda, kukusanya pesa ni juu yako. Jua mapema ana mshahara au mali gani, maana dalali wa mahakama hakamati hewa.