Kwa mnaoanza kumsoma Allen Ginsberg

Mwaka niliopewa kuandika kuhusu Ginsberg, mshairi wa Marekani, nilianza na ndevu zake. Nilijaza kurasa kwa vituko: kufukuzwa Cuba mwaka 1965, kisha kufukuzwa Prague mwaka huohuo baada ya wanafunzi kumvika taji la Mfalme wa Mei. Mwalimu alisoma yote, akanirudishia na swali moja: "Na shairi liko wapi?"

Basi ninyi anzeni na rasimu. Mwaka 1986 kilitoka kitabu chenye picha za karatasi alizoandikia shairi lake maarufu, Howl, na humo utamwona fundi akihangaika. Kwenye mstari wa kwanza, vichwa bora vya kizazi chake vilikuwa na njaa, uchi, na sifa moja katikati: neno la watu wenye njozi za kiroho. Akalikata. Akaweka la watu waliopagawa. Neno moja tu, na shairi zima likashuka kutoka mbinguni hadi barabarani. Baadaye alipenda kuwaambia wanafunzi kwamba wazo la kwanza ndilo bora. Mheshimuni, lakini zitazameni zile karatasi.

Pili, msiseme Howl halina kanuni kwa sababu tu halina vina wala mizani. Kipimo chake ni pumzi. Katika sehemu ya kwanza neno lilelile linarudi mwanzoni mwa mstari baada ya mstari, kama kibwagizo kilichohama kutoka mwisho wa ubeti, na mstari unakimbia mpaka msomaji aishiwe hewa. Ukilisoma kimyakimya hutalipata. Watu wa San Francisco walilisikia kabla ya kulisoma, Oktoba 1955, kwenye ukumbi wa Six Gallery.

Kuhusu kesi ya kudai kwamba Howl ni uchafu, kuweni makini. Hapa wengi hujikwaa. Hakushtakiwa Ginsberg. Forodha ya Marekani ilikamata nakala 520 za kitabu Machi 1957, na baadaye polisi wakamkamata muuza vitabu. Aliyeshtakiwa kwa kuchapisha na kuuza ni Lawrence Ferlinghetti wa City Lights, duka la vitabu na wachapishaji wa San Francisco, na mshairi mwenyewe alikuwa nje ya nchi. Jaji Clayton Horn aliamua Oktoba kwamba shairi lina umuhimu kwa jamii, hivyo si uchafu. Ukitaka kupima athari ya Ginsberg, hukumu hiyo ina uzito kuliko orodha ya wanamuziki waliopiga naye picha.

Shairi lake jingine, Kaddish, msiliwahi. Ni maombolezo ya mama yake, Naomi, aliyeugua akili miaka mingi, na mimi nililisoma mapema mno, nikaona kelele tupu. Lirudieni baada ya Howl.

Kwa leo, chukua penseli, simama, soma ukurasa wa kwanza wa Howl kwa sauti. Kila pumzi inapokatika kabla ya mstari kwisha, weka alama. Hizo alama ndizo maelezo yako ya kwanza.