Chasisi kwanza, bodi baadaye: kuunda na kukagua gari la LEGO Technic

Gari la LEGO Technic (vipande vya plastiki vya kuunganisha, vyenye gia na mota) likianza kulia kra-kra-kra linapopanda kilima, wengi hukimbilia kubadilisha gia au kuongeza mota. Mara nyingi gia hazina kosa lolote. Kilichoshindwa ni fremu: boriti (vipande virefu vyenye matundu) zinazoshika shafti zimeachana kidogo sana, meno yamepoteza mshiko, yanaruka. Kwa hiyo ukiunda gari lako, au ukiombwa maoni juu ya gari la mwenzako, anzia chini. Bodi nzuri yenye taa na milango inayofunguka inapendeza kwenye picha, lakini ndiyo hiyo hiyo inayoficha ubovu wa chasisi.

Kipimo cha Technic ni tundu. Kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine ni milimita 8, na hesabu zote zinaanzia hapo. Ukubwa wa gari, hata hivyo, hauchaguliwi kwa boriti bali kwa matairi, maana tairi ndicho kitu usichoweza kukijenga mwenyewe. Tuchukue pikapu ya Land Cruiser 79 yenye kabini moja. Tairi lake la 225/95R16 lina kipenyo cha kama 834 mm. Tairi la LEGO lililoandikwa 81.6 x 38 lina kipenyo cha 81.6 mm. Gawanya: unapata 10.2. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kwenye gari halisi ni 3,180 mm. Ukigawanya kwa 10.2 unapata 312 mm, yaani tundu 39 kamili. Bahati kama hiyo haiji kila siku. Upana wa toleo lenye midomo ya plastiki juu ya matairi ni 1,870 mm, sawa na tundu 23 kasoro kidogo.

(Kama unaiga gari la watalii la Arusha, usitumie 3,180. Mengi yamekatwa na kurefushwa ili kuongeza safu ya viti. Nenda na futi, upime.)

Sasa tatizo. Tairi hilo la LEGO lina upana wa 38 mm, wakati kwa uwiano wetu lingepaswa kuwa na 22 tu. Ukilipanga katikati ya nafasi ya tairi halisi, litatokeza nje ya bodi. Dawa ni kuingiza ekseli ndani mpaka uso wa nje wa tairi ulingane na ukingo wa bodi. Gharama yake ni nafasi: toa upana wa matairi mawili kwenye tundu 23, unabaki na tundu kama 13 na nusu kwa ajili ya difu (gia zinazogawa mzunguko kwa magurudumu mawili), krosi mbili (viungo vinavyoruhusu shafti kupinda) na vishikio vya matairi ya mbele. Hesabu hii ifanyike kabla ya kuunganisha pini ya kwanza. Wanaoiruka ndio utawaona baadaye wanapanua gari tundu mbili kila upande, na Land Cruiser inageuka kuwa kitu kingine kabisa.

Kwenye gia, Technic imekurahisishia kazi. Kipenyo cha duara ambako meno hukutana, kwa milimita, ni sawa na idadi ya meno. Gia ya meno 8 ina nusu kipenyo cha 4 mm, ya meno 24 ina 12 mm. Jumla 16 mm, tundu 2. Ndivyo ilivyo pia kwa 12 na 20, na kwa 16 na 16. Zinazokaa umbali wa tundu 3 ni 8 na 40, 12 na 36, au 24 na 24. Ila 16 na 24 zinataka 20 mm, yaani tundu 2 na nusu, na boriti iliyonyooka haina nafasi hiyo. Hapo lazima usogeze kwa nusu tundu. Ukikagua kazi ya mtu ukakuta jozi hiyo imebanwa kwa kupinda boriti, umeshapata kasoro ya kwanza.

Umbali sahihi peke yake hautoshi, lazima ubaki sahihi wakati wa mzigo. Shafti ishikwe pande zote mbili za gia, na kishikio kisiwe mbali zaidi ya tundu moja. Gia iliyoning'inia mwishoni mwa shafti, nje ya boriti, itainama hata kama mota ni ndogo. Gia za pembe, zile zinazopeleka mzunguko kwenye kona ya nyuzi 90, ni mbaya zaidi kwa sababu husukumana zitengane kila zinapobeba mzigo. Zifungie ndani ya fremu nzima, mfano ile ya 5 x 7, ambayo ni kipande kimoja kisichoweza kuachana. Boriti mbili zilizounganishwa kwa pini za kawaida hazifanyi kazi hiyo. Na gia ya meno 8 iache kwa kazi nyepesi kama usukani au winchi ndogo. Meno yake ni membamba, na kwenye magurudumu ya gari zito hayadumu.

Tuje kwenye mota. Mota ya XL ya mfumo wa Power Functions huzunguka mara 220 hivi kwa dakika kwa volti 9 bila mzigo, na husimama kabisa ikizuiwa kwa nguvu ya kuzungusha ya kama N·cm (newtoni-sentimita) 40. Tuseme gari letu lina kilo 2 na unataka lipande mwinuko wa nyuzi 30. Uzito unaovuta nyuma ni kama newtoni 9.8, nusu kipenyo cha tairi ni sentimita 4.08, kwa hiyo magurudumu yanadai N·cm 40. Mota peke yake itasimama. Weka gia ya 12 ikiendesha ya 36, na kikomo kinapanda hadi N·cm 120 kabla ya kutoa msuguano. Sasa mzigo wako ni theluthi moja ya uwezo, na hapo ndipo pa kukaa. Ukivuka nusu, mota inachemka na betri zinaisha upesi. Kumbuka pia kwamba betri sita za AA za kuchaji zinatoa volti 7.2, si 9, hivyo kasi na nguvu zote zitapungua.

Hiyo gia ya kupunguza mwendo iwekwe wapi? Mwisho kabisa, karibu na gurudumu. Hapa ndipo magari mengi ya 4x4 yanapoharibikia. Ukipunguza mwendo pale kwenye mota, basi propela (shafti ndefu inayopeleka mzunguko kwenye ekseli), krosi na difu zote zinabeba ile nguvu iliyokuzwa mara tatu. Shafti ndefu zinajisokota, krosi zinapasuka, na bodi nzima inainama upande mmoja kila ukiondoka, kwa sababu propela inajaribu kuizungusha chasisi juu ya springi zake. Acha propela izunguke haraka ikiwa na nguvu ndogo, kisha punguza kwenye ekseli. Habu (vitovu vya magurudumu) zenye gia ndani, zilizotoka mwaka 2019, hupunguza mara 5.4 ndani ya gurudumu lenyewe. Ni ghali ukizinunua moja moja, lakini kwa gari zito zinalipa.

Land Cruiser 79 ina ekseli nzima mbele na nyuma, na hilo linarahisisha kazi kuliko springi huru za kila gurudumu. Jambo moja tu usilikosee: mahali ekseli inapojipinda kupanda na kushuka pawe mstari mmoja na katikati ya krosi ya propela. Pakipishana hata kwa tundu moja, propela hurefuka na kufupika kila gari linapopita kwenye bonde, na mwisho wake huchomoka. Ukitumia krosi mbili kwenye shafti moja, panga uma zake za ndani zitazame upande uleule. Ukizipishanisha kwa nyuzi 90 utaona magurudumu yanakwenda kwa kushtukashtuka. Kwa shokapu, liache gari likae lenyewe: springi ishuke kama theluthi ya mwendo wake wote. Ikiwa haishuki kabisa, hiyo si springi, ni nguzo. Katika shokapu fupi za tundu 6 na nusu, za njano ni ngumu kuliko za kijivu.

Usukani ukaguliwe matairi yakiwa yamekatwa hadi mwisho huku upande mmoja umeinuliwa juu, yaani hali mbaya mbili kwa pamoja. Tairi linalopita vizuri mezani hugusa bodi hapo. Kwa pembe ya nyuzi 30 na tundu 39 kati ya ekseli, gari hili litageuka kwa duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 54 hivi, likipimwa katikati ya ekseli ya nyuma. Ni kawaida kwa urefu huo, usijilazimishe kupata zaidi ukavunja krosi.

Gari la kusukuma kwa mkono lenye giaboksi na pistoni lina mtego wake. Humo magurudumu ndiyo yanayoendesha injini, kinyume cha gari la kweli. Matokeo yake gia namba moja ndiyo inayozungusha injini haraka zaidi na ndiyo nzito zaidi kusukuma. Zungusha gurudumu mara moja, hesabu mizunguko ya pistoni, rudia kwa kila gia. Namba zishuke kwa mpangilio kutoka ya kwanza hadi ya nne. Zikipanda kisha kushuka, mpangilio wa gia umekosewa. Na kama gia ya kwanza inazungusha injini zaidi ya mara tatu kwa mzunguko mmoja wa gurudumu, matairi yataanza kuburuzika mezani badala ya kuzunguka.

Ukipewa gari la mtu ulikague, omba bodi itolewe. Shika chasisi ncha mbili uisokote kama unakamua nguo, utasikia penye udhaifu. Zuia gurudumu moja kwa mkono huku mota ikizunguka, kwa sekunde moja tu, uweke sikio karibu: mlio unatoka wapi? Difu, kona ya gia za pembe, au kwenye mota? Kama kuna gia nyeupe ya meno 24 yenye klachi ndani, mlio wake ni halali. Imetengenezwa iteleze mzigo ukizidi. Kisha sukuma gari bila mota. Likigoma, fungua shafti moja moja mpaka liachie. Mara nyingi sababu ni bushi (vijipete vinavyozuia shafti isiteleze) zilizobanwa mno kwenye boriti, au pini nyeusi yenye msuguano imewekwa mahali panapozunguka, ambapo ilitakiwa ya kijivu.

Kazi iliyochorwa kwenye Studio, programu ya kompyuta ya kuchorea LEGO, ihukumiwe kwa ukali zaidi. Kwenye skrini shafti hazipindi, na gari la kilo 2 linakaa juu ya springi bila kushuka. Mwambie mwenyewe ajenge kwanza ekseli moja, aibebeshe uzito, ndipo aendelee na mengine.

Maoni unayoandika yataje mahali. "Nzuri sana" haimsaidii mtu, na "dhaifu" pia haimsaidii. "Gia ya 12 inayoendesha difu ya nyuma imeshikwa upande mmoja, ongeza boriti ya tundu 5 upande wa kushoto" ni kitu anachoweza kukirekebisha usiku huohuo. Na kama gari limeendeshwa kwenye mchanga, lioshwe kabla ya kulaumu gia: toa mota na betri, tumia maji yasiyozidi nyuzi joto 40 na sabuni kidogo, kisha lianikwe kivulini.