Viwango vya mafunzo kwa walimu wa watu wazima: majibu kwa wasomaji

Tangu niandike kwamba mafunzo kazini ya walimu na wawezeshaji wa elimu ya watu wazima yanahitaji viwango vinavyoeleweka, nimepokea maswali mengi. Nimechagua matano.

Mwalimu apate saa ngapi za mafunzo kwa mwaka ndipo tuseme ametimiza kiwango?

Sitataja idadi, kwa sababu kuhesabu saa ndiko kulikotufikisha hapa tulipo. Tukiandika saa 40, kila halmashauri itatafuta ukumbi, itakusanya sahihi asubuhi na alasiri, italipa posho na nauli, na mwisho wa mwaka taarifa itaonyesha kwamba saa zimetimia ilhali darasani hakuna kilichobadilika. Kiwango ninachokitetea kinataja kazi ambayo mwezeshaji anapaswa kuiweza: kumpima mwanakisomo, yaani mtu mzima anayejifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, siku anayoingia na kutambua kama hajui herufi kabisa au anasoma kwa kusitasita, kuandaa somo kutokana na shughuli za watu wa pale, kutunza kumbukumbu za maendeleo ya kila mmoja. Mafunzo yapangwe kumfikisha hapo, kisha mtu amfuate darasani baada ya miezi miwili au mitatu aone kama amefika.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1973, katika Mtu ni Afya, kampeni ya elimu ya afya iliyoendeshwa nchini Tanzania kwa redio na vikundi, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliandaliwa kwa semina fupi. Waliiweza kazi kwa sababu kila mmoja aliijua barabara: kukusanya kikundi, kusikiliza redio pamoja, kusoma kijitabu, kuongoza mazungumzo, na kuamua hatua ya kuchukua, kama vile kuchimba choo. Semina zile zililenga kazi hiyo, wala hazikutangatanga.

Je, cheti cha semina ya siku tatu kitanisaidia kupandishwa daraja?

Swali hili limeulizwa na kujibiwa katika safu hii mara nyingi, na ninawaomba wasomaji wasome majibu ya nyuma kabla ya kuandika. Cheti cha mahudhurio kinathibitisha kwamba ulihudhuria, basi. Habari za daraja mwulize mwajiri wako kwa maandishi, na usimpe fedha mtu yeyote anayekuuzia cheti kwa ahadi ya cheo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na nimepangiwa darasa la kisomo jioni. Nina stashahada ya ualimu. Kwa nini nihitaji mafunzo mengine?

Niliwahi kuketi nyuma ya darasa la jioni katika kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Victoria. Mwalimu, kijana hodari wa kufundisha darasa la kwanza, aliwaimbisha watu wazima ba, be, bi, bo, bu, kisha akamsimamisha mama mmoja, mchuuzi wa dagaa, akamwuliza penseli tatu ukijumlisha na penseli nne ni ngapi. Mama alijibu, akaketi, akainamisha macho. Tulipokuwa njiani kurudi, mama yule yule alinipigia hesabu ya madebe yake ya dagaa kwa kichwa, akatoa nauli ya pikipiki na ushuru wa soko bila kusita. Alichokosa ni namna ya kuiandika hesabu ile katika daftari ili mnunuzi anayekopa asije akamkana. Niliporudi mwezi uliofuata, hakuwa tena darasani.

Stashahada yako ilikufundisha kumlea mtoto. Hapa utafundisha watu wanaostahili kuamkiwa shikamoo kabla ya kipindi kuanza, ambao macho yao hayaoni maandishi madogo kwa taa hafifu, ambao vidole vyao vimezoea jembe au wavu na kalamu inawachosha haraka, na ambao msimu wa kupanda ukifika hawatakuja hata ukiwafokea. Kiwango chochote kisichogusa mambo haya hakifai kuitwa cha elimu ya watu wazima.

Ninafundisha kwa kujitolea na nina elimu ya kidato cha nne. Viwango hivi havitatufukuza?

Vikiandikwa vibaya, vitawafukuza, na hilo ndilo ninalolihofia zaidi. Kwa takwimu rasmi, wasiojua kusoma na kuandika walipungua kutoka takriban asilimia 67 mwaka 1967 hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na watu kama wewe. Mtihani wa kitaifa wa kisomo wa mwaka 1975 uliwapanga wanakisomo katika hatua nne. Wawezeshaji nao wapangiwe hatua, kila mmoja aanzie alipo, na kila hatua iambatane na posho inayolipwa kwa wakati. Kumdai mtu umahiri huku unamdhulumu jasho lake ni uonevu.

Nani hasa aviweke viwango hivi?

Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima imepewa dhamana ya elimu hii kwa sheria ya mwaka 1975, kwa hiyo naona ndiyo ishike kalamu, ikishirikiana na Bodi ya Kitaalamu ya Walimu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2018. Wawezeshaji wa vijijini wawemo tangu rasimu ya kwanza, wasiitwe siku ya uzinduzi kuja kupiga makofi.

Naonya pia dhidi ya kunakili neno kwa neno mpango wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Mpango ule ni mzuri, lakini umejengwa juu ya jumuiya ya walimu wanaokutana shuleni, na mwezeshaji wa kisomo hana chumba cha walimu. Mara nyingi yuko peke yake chini ya mwembe au katika darasa la kuazima. Vituo vitatu au vinne vilivyo jirani viunganishwe, wawezeshaji wakutane mara moja kwa mwezi, kila mmoja aje na daftari la mwanakisomo mmoja, walisome pamoja na kukubaliana atafundishwa nini mwezi unaofuata. Bajeti ya nauli za mkutano huo iandikwe ndani ya kiwango chenyewe.