Je, kortisoli ni "homoni ya wasiwasi"?

Swali: Mimi ni mwalimu wa biolojia, Ujiji, Kigoma. Mwanafunzi wangu ameandika: "Kortisoli ni homoni ya wasiwasi." Mwalimu mwenzangu anataka iwe "homoni ya hofu". Nani yuko sahihi?

Jibu: Mwalimu, nianze na mwenzako, maana hoja yake haitupi kazi kubwa. Mvuvi wa dagaa anayeona wimbi linataka kuupindua mtumbwi ana hofu. Mkewe aliyebaki nyumbani, hajui mumewe yuko wapi, ana wasiwasi. Kortisoli hupanda kwa wote wawili.

Kinachonisumbua mimi ni hiyo "ya". Dawa ya malaria huondoa malaria, mbu wa malaria huileta. Hatuchanganyikiwi kwa sababu dawa tunaijua na mbu tunamjua. Kemikali za ubongo hatuna mazoea nazo hivyo. Iko CRH, homoni iliyo mnyororo wa amino asidi 41, ambao mwanasayansi Wylie Vale na wenzake waliutambua nchini Marekani mwaka 1981. Ikitoka kwenye haipothalamasi, sehemu ya ubongo, huiamsha tezi ya pituitari, nayo pituitari hutoa homoni inayozichochea tezi za adrenali zilizo juu ya figo, na hapo ndipo kortisoli inapomwagika kwenye damu. Iko pia GABA, ambayo kazi yake ni kutuliza: ikishika kipokezi chake kwenye seli ya neva, tundu hufunguka, ioni za kloridi zenye chaji hasi huingia, seli inapoa. Diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, hailifungui tundu hilo yenyewe; huiwezesha GABA kulifungua mara nyingi zaidi. Sasa ziite CRH na GABA zote mbili "kemikali za wasiwasi". Kisarufi hakuna kosa, ila msomaji hajui ipi inauchochea na ipi inautuliza.

Kortisoli yenyewe inasingiziwa kidogo. Hupanda kila asubuhi hata kwa mtu asiyedaiwa na yeyote, na husaidia kulinda kiwango cha sukari kwenye damu.

Mwanafunzi atumie kitenzi: "Kortisoli huongezeka mtu anapopata wasiwasi", "GABA hupunguza msisimko wa seli za neva." Kitenzi kitamlazimisha aseme nani anafanya nini. Kwa sentensi yake ya kwanza ningempa nusu alama. Akiandika "wasiwasi nyingi" badala ya "wasiwasi mwingi", hata hiyo nusu ningeifikiria upya.