Unataka Kutengeneza Mashine za Muoni? Anza Ukiwa Kisumu

Vijana wa fizikia ninaokutana nao Kisumu na Maseno wengi wana ndoto moja: kufanya kazi kwenye zile mashine kubwa za chembe huko Uswisi na Marekani. Ushauri wangu huwashangaza. Nawaomba waweke kando kwa muda nadharia za chanzo cha ulimwengu, wajifunze sumaku, mawimbi ya redio, ombwe na baridi kali. Mashine ya muoni, ile inayopangwa kuzungusha chembe ndogo ziitwazo muoni na kuzigonganisha, kwa sasa ina njaa ya mafundi kuliko kitu kingine chochote.

Muoni ni jamaa wa elektroni. Chaji ni ileile, ila uzito ni mara 207, na uzito huo ndio utamu wake. Elektroni ikizungushwa kwenye duara kwa kasi kubwa huvuja nishati kwa kutoa mionzi. Muoni huvuja kidogo mno, kwa hiyo unaweza kuizungusha hadi nishati kubwa bila kujenga duara la kupindukia. LHC, mashine ya kugonganisha protoni ya CERN, ile maabara ya Ulaya iliyoko Uswisi, ina mzingo wa kilomita 27. Wanaopanga mashine ya muoni ya TeV 10 (TeV ni kipimo cha nishati ya chembe) wanafikiria duara la kilomita 10 hivi.

Shida ni kwamba muoni haikai. Ikiwa imetulia huishi mikrosekunde 2.2 kwa wastani, kisha inaoza, yaani inageuka kuwa chembe nyingine nyepesi. Ikifikishwa TeV 5 umri wake hurefuka hadi kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, kwa ile kanuni ya Einstein ya muda na mwendo. Kila kitu kwenye mashine hii, kuanzia shabaha, kile kipande kinachogongwa ili muoni zipatikane, hadi sumaku ya mwisho, kinakimbizana na saa hiyo.

Mahali ninapowaomba vijana wakae kwa muda mrefu ni kwenye kupoza, yaani kulibana kundi la muoni zilizotawanyika. Protoni zinagonga shabaha, zinatoka chembe za muda mfupi ziitwazo paioni, na paioni zinaoza kuwa muoni. Hizo muoni hutoka zimetawanyika kama mashabiki wanaomwagika nje ya uwanja wa Moi hapa Kisumu Gor ikishamaliza mechi, na wewe unatakiwa uwapange kwenye mstari mmoja mwembamba kabla hawajatoweka. Dawa yake ni kuzipitisha ndani ya hidrojeni ya kimiminika au lithiamu hidridi, ambamo hupungua kasi ya mbele na ya kando pia. Zikitoka hapo, chumba cha mawimbi ya redio huzirudishia kasi ya mbele peke yake. Rudia hivyo mara nyingi, kundi linabana.

Jaribio la MICE katika maabara ya Rutherford Appleton, Uingereza, lilionyesha kwamba hatua ile ya kupitisha kwenye hidrojeni na lithiamu hidridi inafanya kazi, na matokeo yakachapishwa kwenye jarida la Nature mwaka wa 2020. Wajapani wa maabara ya J-PARC walipita njia nyingine: muoni chanya hunaswa na elektroni, elektroni hung'olewa kwa leza, na muoni inabaki karibu imetulia. Mwaka wa 2024 walitangaza kwamba wameziongeza kasi muoni zilizopozwa hivyo.

Kazi iliyobaki ni ya kutoa jasho. Vyumba vile vya mawimbi ya redio vinatakiwa vikae ndani ya sumaku kali, na sumaku kali hufanya kuta zake za shaba zitoe cheche. Maabara ya Fermilab ya Marekani ilijaribu kuta za berili, metali nyepesi, zikastahimili vizuri zaidi. Hatua za mwisho za kupoza zinadai sumaku zenye nguvu ya kama tesla 40 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Isitoshe, muoni zinapooza humwaga elektroni zinazopasha sumaku joto, kwa hiyo lazima kuwe na ngao nene ya tungsteni. Mwanafunzi wa umeme wa Kisumu National Polytechnic anayeelewa joto na cheche ana nafasi hapa, nami nawaambia hivyo wazi.

Sasa uanze vipi? Tengeneza kifaa cha kunasa muoni, maana zinatunyeshea kutoka angani mchana na usiku, karibu moja kwa kila sentimita mraba kwa dakika. Unahitaji plastiki maalumu inayotoa mwanga hafifu chembe ikipita, kitambuzi kidogo cha silikoni cha kuona mwanga huo, na Arduino, kile kibao kidogo cha kompyuta cha kuhesabu. Plastiki na kitambuzi utaagiza nje. Hapo changeni pesa kama kundi.

Ninaposaidia vikundi, muda mwingi unaishia kwenye kufunga. Plastiki inavishwa karatasi ya foili, halafu utepe mweusi wa mafundi wa stima, tabaka juu ya tabaka. Kona ikiachwa wazi kwa upana wa uzi, hesabu inapaa. Zima taa ya chumba: ikishuka, ulikuwa unahesabu balbu. Kisha weka vibao viwili vya plastiki hiyo, kimoja juu ya kingine, na uhesabu pale tu vinapolia pamoja. Vilaze, halafu visimamishe vielekee upeo wa macho, uone hesabu inavyopungua. Ukisafiri Nakuru nenda nacho, kwa sababu mji ule uko juu zaidi ya Kisumu na muoni ni nyingi kidogo. Andika kila kitu kwenye daftari, hata siku stima ilipopotea katikati.

Baada ya hapo pakua Geant4. Ni programu ya bure ya kuigiza chembe zikipita kwenye vitu. Laptopu ya kawaida inatosha kupitisha muoni kwenye hidrojeni na kuona zikipoteza kasi. Utahitaji C++, na hapo sina njia ya mkato ya kukupa.

Usiogope kwamba mashine yenyewe iko mbali. Wahusika wanazungumzia miaka ya 2050, na aliye kidato cha tatu leo atakuwa katikati ya kazi yake wakati huo. Fuatilia Shule ya Fizikia ya Afrika, ambayo imekuwa ikifanyika katika nchi mbalimbali za bara letu tangu 2010. Pasipoti iombe mapema, na mwalimu atakayekuandikia barua ya mapendekezo mwonyeshe daftari lako la vipimo kabla hajaanza kuandika.